Nodi moja ikidanganya, mtandao mzima unaifuata: tujadili ulinzi wa njia kwenye mitandao ya ad hoc isiyo na waya

#1 fundi_masafa

Wakuu, salaam.

Kila mada ya mesh (mtandao ambao ruta zinapokezana data bila waya) ikiletwa hapa, jibu la kwanza kuhusu usalama huwa ni "weka nywila ngumu". Nywila ngumu ni lazima, sina ubishi. Ila nywila inamzuia aliye nje. Mimi nataka tumjadili aliye ndani: ruta yenye ufunguo halali, inayofahamika kwa majirani zake, ambayo imedukuliwa au mwenyewe kaamua kuiharibu, na sasa inatangaza njia za uongo.

Kwa wageni wa mada: mtandao wa ad hoc hauna mnara wala kituo kikuu. Kila kifaa, yaani nodi, kinatuma pakiti zake na papo hapo kinabeba pakiti za wenzake. Wazo ni la zamani. DARPA, shirika la utafiti la wizara ya ulinzi ya Marekani, lilianza mradi wa redio za pakiti mwaka 1973. Ofisini ruta ni ya kampuni na imefungiwa chumbani. Huku ruta ni ya jirani, ya mpita njia, au imefungwa juu ya paa ambako yeyote mwenye ngazi anaifikia.

Tuchukue AODV, itifaki ya kutafuta njia iliyochapishwa kama RFC 3561 mwezi Julai 2003 (RFC ni nyaraka za kiufundi za intaneti). Nodi A inamtafuta Z na haina njia. Inarusha ombi la njia kwa majirani wote, nao wanalirusha kwa majirani zao, hadi limfikie Z mwenyewe au nodi ya katikati yenye njia mpya ya kutosha. Jibu linarudi kinyumenyume kule kule ombi lilikopita. Upya wa njia unapimwa kwa namba ya mfuatano ya biti 32: yenye namba kubwa ndiyo mpya, na zikilingana, yenye miruko michache (hatua za kutoka nodi hadi nodi) inashinda.

Tatizo liko hapo. Nodi mbaya M inapokea ombi, haigusi hata jedwali lake la njia, inajibu papo hapo: Z ninaye, ni mruko mmoja tu, na namba yangu ni kubwa kuliko uliyonayo. Kwa kuwa haikutafuta chochote, jibu lake mara nyingi ndilo linalowahi. Ni yule mpiga debe wa stendi anayeapa kwamba gari lake linaondoka sasa hivi na halisimami popote. Abiria anapanda kwa maneno, gari lenyewe hajaliona. A inaanza kummiminia M pakiti, M anazitupa. Hilo ndilo shimo jeusi. Angalieni kwamba nodi zote isipokuwa moja zilitii RFC neno kwa neno, na bado mtandao umekufa. Waandishi wa RFC walisema wazi kwenye sehemu ya usalama kwamba AODV haiweki hatua yoyote maalumu ya ulinzi.

Shimo jeusi lina nafuu, maana linajionyesha: hakuna kinachofika. Linaloniumiza kichwa ni shimo la kijivu. M anapitisha ujumbe wote wa njia, anapitisha ping (kipimo cha kama kifaa kinajibu), anapitisha DNS (utafutaji wa anwani za tovuti), halafu anatupa sehemu tu ya data, pengine za mtu mmoja, pengine kwa dakika chache. Ukipima, kila kitu ni kizima. Mtumiaji analalamika, fundi anamwambia ni simu yake.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mnipinge: sahihi ya kidijitali inathibitisha nani kasema, haithibitishi kwamba alichosema ni kweli. Watu wengi wanaishia kwenye sahihi. Kipimo kisichokwepeka ni kama pakiti imefika kwa Z na Z amethibitisha kwa ufunguo ambao M hana. Ulinzi wowote usioishia hapo umeacha mlango mmoja wazi.

#2 mtu_wa_pwani

Siti ya mbele. Endelea mkuu, naomba uguse na namna ya kujikinga, siyo mashambulio tu.

#3 mwanafunzi_ns3

Shikamoo mkuu fundi. Niko mwaka wa mwisho, mradi wangu ni huu huu wa shimo jeusi kwenye AODV. Nimefuata somo moja la mtandaoni lililotumia ns-2 (programu ya kuigiza mitandao kwenye kompyuta), nikaweka M ajibu kwa namba ya mfuatano 4294967295, yaani kubwa kuliko zote. Nimehamishia kwenye mrithi wake, ns-3, na shambulio halifanyi chochote, pakiti zinafika kama kawaida. Nimekagua kodi, jibu la M linatoka kweli. Tatizo ni nini?

#4 fundi_masafa

Marahaba. Tatizo ni hesabu, na ni zuri kulijua maana linaonyesha tofauti ya kusoma somo na kusoma RFC.

RFC 3561 inataka namba zilinganishwe hivi: chukua namba iliyoingia, toa namba uliyonayo, kisha usome tokeo kama namba ya biti 32 yenye alama ya hasi na chanya. Likiwa hasi, taarifa iliyoingia ni ya zamani, itupwe. Imewekwa hivyo ili namba ikifika mwisho na kuanza upya mambo yasivurugike. Sasa 4294967295 ikisomwa kwa alama ni −1. Kama A tayari ana 5 kwa ajili ya Z, −1 toa 5 ni −6. Jibu la M ni la zamani, kwaheri. ns-2 ililinganisha namba hizo bila alama, kwa hiyo kule ilipita, na somo likasambaa. ns-3 inafuata RFC.

Mshambuliaji wa kweli asingetumia namba ile kwa vyovyote. Ombi la A lina ndani yake namba ya mwisho ya Z anayoijua A. M anaisoma, anaongeza kidogo, anajibu. Na hapa kuna funzo kwa sura yako ya ulinzi: kuna lundo la mapendekezo yanayosema "weka kikomo, namba ikizidi kiasi fulani ichukuliwe kuwa ya uongo". Yanamkamata mshambuliaji wa kwenye somo. Anayeongeza kidogo anapita chini ya kikomo bila kuguswa. Ukijaribu ulinzi wako, mpe M akili. Usimfanye mjinga ili grafu ipendeze.

Swali litakalokuja: kuna alama ya D kwenye ombi, inayosema Z peke yake ndiye ajibu. Iwashe, ni sawa, lakini M atajibu akijifanya Z. Bila sahihi hakuna wa kumpinga.

#5 kaskazi_nbo

Asante kwa uzi, ndugu. Mimi niko Nairobi, nasaidia mitandao ya jamii. Hapa Kibera kuna TunapandaNET inayounganisha shule na vituo vya vijana, kwa hiyo hii mada si ya karatasi tu kwetu. Lakini niseme ukweli, sijawahi kukuta mtu ameweka AODV juu ya paa. Tunaona itifaki nyingine: batman-adv, OLSR, Babel, au 802.11s yenyewe, kiwango cha mesh cha Wi-Fi. Je, haya yote yanawahusu hao pia?

#6 fundi_masafa

Yanawahusu, ila uongo unabadilika sura kulingana na kinachoaminiwa. Nianze na 802.11s maana ndiyo iko kwenye vifaa vingi. Kiwango kilitoka 2011. Majirani wanathibitishana kwa SAE (njia ya kuthibitishana kwa nywila), kisha kila jozi inapata funguo zake. Mtu wa nje asiye na nywila hapati kitu, na hilo ni zuri sana. Ndani yake kuna HWMP inayochagua njia, nayo imerithi mantiki ya AODV, pamoja na namba za mfuatano. Kila nodi inayopitisha ombi inaongeza gharama ya kiungo chake kwenye jumla. Mwanachama akiandika jumla ndogo, hakuna wa kumhakiki.

OLSR, yaani RFC 3626 ya Oktoba 2003, haisubiri ombi. Kila nodi inatangaza majirani zake muda wote, na kila nodi inachagua majirani wachache wa kurudia matangazo kwa niaba yake. Nodi ikidai kwamba inasikilizana na kila mtu, inachaguliwa na kila mtu. Kuna jambo baya zaidi, na linatokea hata kwa bahati mbaya: ujumbe wa HNA, ambao nodi inautumia kusema "mimi nina njia ya kwenda mtandao fulani". Nodi ikitangaza 0.0.0.0/0, yaani kila anwani, imejifanya lango la intaneti, na walio karibu nayo wanahamia kwake.

batman-adv ilizaliwa na watu wa Freifunk, jumuiya ya mitandao huru Ujerumani, ikaingia kwenye kerneli ya Linux toleo 2.6.38 mwaka 2011. Kila nodi inarusha tangazo lake, na ubora wa njia unapimwa kutoka 0 hadi 255. Matangazo hayana sahihi. Yeyote aliye ndani anaweza kutengeneza tangazo kwa jina la mwenzake na kuweka 255. Pia yeyote anaweza kujitangaza kuwa lango, na ombi la DHCP (la kupewa anwani ya IP) likaenda kwake. batman-adv haina uthibitisho wake yenyewe. Inategemea tabaka la chini liilinde.

Babel imejitahidi zaidi ya hao. RFC 8966 ya 2021 ilikuja pamoja na 8967, inayoweka msimbo wa uthibitisho kwa ufunguo wa pamoja na kuzuia kurudiwa kwa ujumbe wa zamani, na 8968 inayotumia DTLS (usimbaji wa mawasiliano), ambapo kila nodi inaweza kuwa na cheti chake. OLSR ya pili nayo ina RFC 7183 ya uthibitisho. Lakini zote hizi zinatenganisha walio ndani na walio nje. Aliye ndani akisema "niko karibu na lango", anaaminiwa.

#7 bi_antena

Naomba kutia neno, nimeendesha mesh ya paa kwa paa kwa muda sasa. Fundi amesema vizuri, ila kwa wenye ruta zisizohama kuna mambo ya kufanya leo bila kusubiri watafiti.

Kwanza, SAE iwe chini, siyo mtandao wazi. Kwenye OpenWrt (mfumo wa Linux wa ruta) ni hali ya mesh na usimbaji wa sae. Ukiweka batman-adv juu yake, zima upitishaji wa 802.11s kwa mesh_fwding kuwa 0, la sivyo una itifaki mbili za njia zinazofanya kazi moja, na ya chini hujaiangalia.

Pili, chujio. babeld, programu inayoendesha Babel, ina vichujio vya kinachoingia na kinachotoka. Jirani yangu wa paa la tatu ana mtandao mmoja mdogo wa ndani. Basi ruta yangu inakubali kutoka kwake mtandao huo na ile ninayojua inapitia kwake, mengine inayakataa. Njia kuu ya intaneti naikubali tu kutoka upande ambao lango liko kweli. Mkiwa nodi 15 zisizohama, mnajuana, hili linawezekana. Kazi ipo, kila anapoongezwa mtu unarudi kuhariri, lakini tangazo la uongo la lango halivuki paa la kwanza. Na hapa ndipo naipenda Babel au OLSR kuliko batman-adv: batman inafanya kazi kwenye anwani za MAC (namba za utambulisho za vifaa), huna mtandao wa IP wa kuchuja.

Tatu, handaki la WireGuard (njia iliyosimbwa) kutoka kila ruta hadi langoni. WireGuard iko ndani ya Linux tangu toleo 5.6, Machi 2020. Baada ya hapo ruta ya katikati haisomi wala haibadilishi kitu. Inaweza kutupa au kuchelewesha tu.

Suala la nywila moja kwa wote linanikera. Mwanachama akiondoka kwa ugomvi, unabadilisha nywila kwenye kila paa. Ukiahirisha, bado yuko ndani. Ndiyo maana cheti kwa kila nodi kina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani: unamfuta mmoja, wengine hawajui kama kuna kilichotokea.

#8 kaskazi_nbo

Dada bi_antena, hilo la kuchuja njia kuu nalibeba kama lilivyo. Asante.

#9 dkt_wa_takwimu

Wakuu, mimi naona mnazunguka. Dawa ilishapatikana: jirani amwangalie jirani. Redio inasikika pande zote. A akimpa B pakiti ampelekee C, A anabaki kusikiliza kama B ameirusha. Asipoisikia, B ana alama mbaya. Alama zikijaa, B anakwepwa. Hakuna sahihi, hakuna vyeti.

#10 fundi_masafa

Mkuu, hilo ni wazo la Marti, Giuli, Lai na Baker wa Stanford, walilitoa mwaka 2000 kwenye mkutano wa MobiCom, na ni kazi ninayoiheshimu. Waliita sehemu ya kwanza mbwa mlinzi, na ya pili ikawa ya kukadiria njia kwa alama. Kwenye simulesheni yao, nodi mbovu zikiwa asilimia 40 na mwendo wa nodi ukiwa wa wastani, data iliyofika iliongezeka kwa asilimia 17, huku mzigo wa ujumbe wa njia ukipanda kutoka asilimia 9 hadi 17. Si haba.

Lakini wao wenyewe waliorodhesha mapungufu, na wanaonukuu makala yao hulisahau. Pakiti inaweza kugongana na nyingine masikioni mwa A, akadhani B hakurusha. Inaweza kugongana masikioni mwa C, A akadhani imefika kumbe haikufika, na B asirudie makusudi. B anaweza kupunguza nguvu ya redio ili A asikie na C asisikie. B na C wakishirikiana, B anampa C, C anatupa, B yuko safi. B anaweza kumsingizia C. Na B anaweza kutupa kidogo kidogo chini ya kikomo cha alama.

Ongezeni na mabadiliko ya miaka 20. Wazo lile lilidhani redio moja, antena ya pande zote, pakiti inayosomeka na aliye karibu. Leo juu ya paa kuna antena za kuelekeza. B akimgeukia C, A hasikii chochote. Kwenye 802.11s B na C wana ufunguo wao, A akinasa fremu hawezi kuifungua. Kasi inabadilika kwa kila kiungo: fremu iliyotumwa kwa kasi ya juu kwa C aliye karibu haisomeki kwa A aliye mbali. Kwa hiyo unamlaumu B kwa sababu redio yako haikusikia.

Kuhusu alama za sifa kusambazwa mtandao mzima, Buchegger na Le Boudec walipendekeza CONFIDANT mwaka 2002, ambamo nodi zinaonyana kuhusu wabaya. Swali la kwanza linalokuja ni: nani anathibitisha onyo? M mwenye ulimi mrefu anawachafulia wema, mtandao unawatenga wema kwa kura. Michiardi na Molva na mfumo wao wa CORE mwaka huo huo wakaamua taarifa za wengine zipokelewe zikiwa nzuri tu. Hapo umezuia uchafuzi, ila wabaya sasa wanasifiana. Na Douceur alionyesha mwaka huo huo kwamba pasipo mamlaka ya kutoa utambulisho, mtu mmoja anaweza kuwa majina mengi. Kura ya majina mengi yenye mwenyewe mmoja si kura.

#11 dkt_wa_takwimu

Nimekuelewa kwenye antena za kuelekeza, hoja hiyo sina jibu lake. Lakini bado nodi za simu zenye antena ya kawaida, kwenye uokoaji kwa mfano, mbwa mlinzi ana nafasi.

#12 fundi_masafa

Ana nafasi kama shahidi mmoja. Asiwe hakimu.

#13 mtu_wa_pwani

Sasa sahihi za kidijitali mbona umezipitia juu juu? Mimi nilidhani ndizo suluhisho.

#14 fundi_masafa

Tuzishuke basi, kwa AODV, maana mifano yake imeandikwa vizuri.

Guerrero Zapata alitoa SAODV. Ujumbe wa njia una sehemu mbili: zisizobadilika njiani, kama anwani na namba ya mfuatano, na idadi ya miruko inayobadilika kila hatua. Zisizobadilika zinatiwa sahihi na mwenye ujumbe. Shimo jeusi la kwenye #1 limekufa hapo: M hawezi tena kubuni namba ya Z kwa sababu hana ufunguo wa siri wa Z.

Idadi ya miruko haiwezi kutiwa sahihi mara moja kwa kuwa kila nodi inaiongeza. Akatumia mnyororo wa heshi, yaani hesabu ya upande mmoja. Mtumaji anachagua namba ya nasibu, anaipitisha kwenye heshi mara nyingi kadiri ya miruko ya juu inayoruhusiwa, na tokeo la mwisho linatiwa sahihi. Kila nodi inayopitisha ujumbe inaheshi mara moja na kuongeza mruko mmoja. Anayepokea anamalizia heshi zilizobaki na kuangalia kama anafika kwenye tokeo lile. Heshi hairudishwi nyuma, kwa hiyo M hawezi kupunguza miruko.

Lakini anaweza kutoiongeza. Anapokea mruko wa 4 na heshi yake, anaipitisha ikiwa 4 vile vile. Kila kitu kinakubali, na amejisogeza hatua moja. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba M aliyepata njia kihalali, kwa kuwa kweli yuko katikati, akianza kutupa data baadaye, SAODV haina la kusema. Imelinda ramani, haijalinda safari.

Hu, Perrig na Johnson walikuja na Ariadne mwaka 2002 juu ya DSR, itifaki nyingine ya njia. Badala ya sahihi nzito walitumia TESLA: unatuma ujumbe na msimbo wa uthibitisho leo, ufunguo wake unautoa baada ya muda mfupi, wakati ambapo hakuna anayeweza kuutumia kughushi kilichopita. Ni nafuu sana kwa betri na kichakataji, ila saa za nodi zinapaswa kukaribiana. Na kwa kuwa DSR inaandika njia nzima ndani ya pakiti, Z anaweza kuhakiki kwamba kila aliyeorodheshwa alipita kweli na hakuna aliyeondolewa.

Lipo shambulio ambalo hakuna sahihi inayoligusa: handaki. Washirika wawili, M1 upande wa mashariki na M2 magharibi, wana kiungo chao cha pembeni, tuseme antena ya masafa marefu. M1 ananasa ombi la njia, M2 analirusha upya upande wa pili bila kubadilisha hata biti moja. Sahihi zote ni halali. Nodi mbili zilizo mbalimbali zinajiona majirani. Njia zinazopita handakini zinaonekana fupi, kila mtu anazitaka, na M1 na M2 hawakuhitaji hata ufunguo. Hapo kuna washambuliaji wa nje waliovuka ukuta wa nywila bila kuugusa.

Wale wale watatu walipendekeza mwaka 2003 kuifunga pakiti kamba: iandikwe mahali ilipotumwa, au saa iliyotumwa, na mpokeaji aikatae ikiwa imesafiri mbali kuliko redio inavyoweza. Fanyeni hesabu muone ugumu wa saa. Mawimbi yanakwenda takriban mita 300 kwa maikrosekunde moja. Redio yako ikiwa inafika mita 250, kosa la maikrosekunde moja kwenye saa limeshapita umbali wote unaojaribu kuulinda. Kamba ya mahali ni rahisi zaidi kwa nodi zenye GPS, na kwa ruta za paani ni rahisi mno: mahali panajulikana, orodha ya majirani wanaowezekana inaandikwa mara moja, na jirani anayejitokeza kutoka upande wa pili wa mji anakataliwa.

#15 kipaza_sauti

Hii inanikumbusha YouTube na Pakistan. Tarehe 24 Februari 2008 Pakistan Telecom ilitakiwa kuifunga YouTube ndani ya nchi. Ikatangaza 208.65.153.0/24 na tangazo likavuja nje. YouTube yenyewe ilikuwa inatangaza 208.65.152.0/22, eneo kubwa zaidi. Kwenye BGP, itifaki ya njia za intaneti kubwa, tangazo la eneo dogo zaidi linashinda, kwa hiyo sehemu kubwa ya dunia ikaelekeza pakiti za YouTube Pakistan, kwa takriban saa mbili. Hakuna redio hapo, ni nyaya tupu, na ugonjwa ni huu huu.

#16 fundi_masafa

Mfano mzuri sana. Na tiba iliyokuja, RPKI, inathibitisha nani ana haki ya kutangaza anwani fulani. Haithibitishi njia iliyopitwa, wala kwamba pakiti zitafikishwa. Tofauti ni kwamba kwenye intaneti kubwa kuna mikataba na namba za simu za wahandisi. Kwenye mesh ya uokoaji hakuna wa kumpigia.

#17 mtu_wa_pwani

Vipi Meshtastic, mesh ya redio za LoRa za masafa marefu? Vijana wengi wanachezea LoRa siku hizi.

#18 bi_antena

Hiyo kwa sehemu kubwa inarusha kwa kurudia: ujumbe unarudiwa na wanaousikia, kwa kawaida hadi miruko 3, na mwisho 7. Nodi moja ikinyamaza, nakala inapita kwingine, kwa hiyo shimo jeusi halina meno sana. Hatari kule ni muda wa hewani. LoRa ni ya polepole, na nodi moja inayorusha hovyo inawanyima wote. Ufunguo wa chaneli ya mwanzo unajulikana na kila mtu, kwa hiyo jina la mtumaji kwenye chaneli hiyo lisichukuliwe kuwa ushahidi.

#19 mwanafunzi_ns3

Mkuu fundi, nimebadilisha namba, M sasa anasoma ya kwenye ombi na kuongeza kidogo, na shambulio linafanya kazi. Nashukuru sana. Msimamizi wangu anataka sura ya ulinzi. Umesema kipimo ni kama pakiti imefika. Nikigundua haijafika, nitajuaje nani kaitupa?

#20 fundi_masafa

Swali hili ndilo nililokuwa nalingoja. Soma kazi ya Awerbuch, Holmer, Nita-Rotaru na Rubens ya 2002 kuhusu njia zinazostahimili wasaliti. Z anarudisha uthibitisho kwa kila pakiti. Upotevu ukizidi kikomo, A anaanza kuweka vituo vya ukaguzi njiani: anaiambia nodi ya katikati nayo irudishe uthibitisho. Uthibitisho wa katikati ukifika na wa Z usifike, kasoro iko nusu ya pili, anaigawa tena. Njia ya miruko 16 inahitaji migawanyo 4 tu kulifikia eneo lenye kasoro.

Zingatia kwamba kinachopatikana ni kiungo, hakipatikani jina la nodi. Kama uthibitisho wa B unafika na wa C haufiki, inawezekana B hakumpa C, inawezekana C alitupa, inawezekana redio kati yao ni mbovu. Huna njia ya kutenganisha, na huna haja. Gharama ya kiungo B–C inaongezwa mara mbili na njia mpya inatafutwa. Hakuna anayehukumiwa, hakuna kura, hakuna wa kumchafua mwenzake. Nodi njema iliyo kwenye eneo lenye mwingiliano wa masafa inapoteza kiungo kimoja tu, viungo vyake vingine vinaendelea. Mimi naona huo ni uadilifu ambao mifumo ya sifa haina.

Iongezee njia zaidi ya moja. Papadimitratos na Haas walionyesha namna ya kugawa ujumbe vipande na kuvipitisha njia zisizokutana, kiasi kwamba vipande kadhaa vikipotea ujumbe bado unasomeka. Mtandao wako ukiwa na njia moja tu kwenda kwa Z, hakuna itifaki itakayokusaidia. Ongeza paa jingine.

Kwa majaribio nje ya ns-3, Linux ina moduli ya mac80211_hwsim inayotengeneza redio za kuigiza ndani ya kompyuta moja, na wmediumd inaamua nani anamsikia nani. Unaendesha batman-adv au babeld halisi, siyo nakala ya kitabuni.

#21 mwanafunzi_ns3

Nimeipata. Kwa hiyo nikiweka pakiti ndogo za ukaguzi kila sekunde inatosha?

#22 fundi_masafa

Hapana, hapo shimo la kijivu linakupita. Pakiti yako ya ukaguzi ikiwa na ukubwa wake na mdundo wake, M anaitambua, anaipitisha, anatupa data. Utapata grafu safi na mtumiaji anayelia. Ukaguzi ubebwe ndani ya pakiti za data zenyewe, na orodha ya vituo isimbwe tabaka kwa tabaka ili kila nodi ione zamu yake tu na isijue nani mwingine anakaguliwa. Ndivyo kazi ile ya 2002 ilivyofanya. Jaribu M anayetupa asilimia 5, kisha 10, kisha 30, na pembeni yake weka upotevu wa kawaida wa redio bila mshambuliaji yeyote. Pale ambapo mistari miwili inakaribiana ndipo kikomo chako kinapaswa kukaa, na ndipo msimamizi atakapokuuliza. Weka matokeo hapa ukipata.

#23 bi_antena

Na upotevu wa kawaida upime usiku na mchana, mwanangu. Juu ya paa haulingani.